Tiketi Moja Tu

Akina mama tumezoea kwenda peke yetu. Mama wa Kawe huamka alfajiri akaenda Feri kununua samaki, na huenda peke yake. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, na baba yuko safarini, mama humfunga mgongoni akatafuta bajaji ya kumfikisha Mwananyamala, peke yake. Huenda Kariakoo kufuata vitenge vya kuuza. Huenda shuleni kusikiliza malalamiko ya mwalimu. Huenda kwenye mkutano wa injili katika viwanja vya Tanganyika Packers akarudi usiku, na hakuna anayemwuliza kwa nini hakufuatana na mtu.

Lakini mama huyo huyo akisema kwamba Jumatano mchana anakwenda sinema, na kwamba anakwenda mwenyewe, nyumba nzima husimama. Watoto wanauliza kwa nini wao wasiende. Wifi anauliza kuna nini. Jirani haulizi kitu, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili. Ni dogo, tunakubali. Hakuna nyumba iliyovunjika kwa sababu mama hakuona filamu. Hata hivyo limebeba swali ambalo wengi wetu hatujapata kujiuliza kwa sauti: je, mwanamke mwenye mume na watoto anaweza kutumia saa mbili na fedha kidogo kwa kitu kitakachomfurahisha yeye, na kisichomsaidia mtu mwingine yeyote?

Wako watakaosema haya ni mambo ya wasichana wa siku hizi. Hebu tuwakumbushe kidogo. Mji wa Unguja ulikuwa na jumba la sinema la fahari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye mjini humo, kama ilivyokuwa Mombasa, yakawapo maonyesho ya mchana ya wanawake watupu. Mabibi wa mabuibui, ambao hata sokoni walituma mtu, walitoka majumbani mwao wakaenda kuangalia filamu za Kihindi na za Kimisri. Walilia, waliimba, wakarudi kabla ya magharibi. Waume zao walijua. Hapa Dar es Salaam palikuwa na Empire, Avalon, Empress, Cameo, Odeon, New Chox, na Amana kule Ilala. Filamu nzuri ya Kihindi ikija Jumapili, tiketi zilikwisha mapema na watu wakauziana kwa magendo mlangoni. Hata marehemu Mzee Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Bibi zetu hawakujua Kihindi, na hilo halikuwasumbua. Wengi wanaikumbuka Mother India, ya mwaka 1957. Nargis ndiye mama mwenyewe, Radha, mke wa mkulima aliyezama katika deni la mlanguzi. Mume anapoteza mikono yote miwili, anaona aibu ya kulishwa na mkewe, anaondoka asirudi. Mama anabaki na watoto, na jembe, na deni. Mwishoni mwanawe mdogo, kipenzi chake, anageuka jambazi na kumteka binti wa watu, na mama huyo anamwua kwa bunduki kwa mkono wake mwenyewe ili kuokoa heshima ya binti huyo. Nani alihitaji mkalimani hapo? Tunayasema haya kwa ajili ya wale wanaoogopa kwenda sinema kwa kuwa Kiingereza chao ni cha kuokoteza. Mama anayejua kusoma uso wa mtoto asiyeweza kusema atausoma uso wa mwigizaji.

Sisi wa upande huu wa Kawe tulikuwa na bahati zaidi, kwa maana mwaka 1966 Msasani ilipata sinema ya wazi, ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari. Watu waliiita Drive-In. Familia zilipakia masufuria ya pilau na watoto wa kulala kiti cha nyuma. Leo ukipita Msasani kwa barabara ya zamani ya Bagamoyo huoni hata alama yake, kwani kiwanja kile ndicho kilichojengwa ubalozi mpya wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2003 baada ya ule wa awali kulipuliwa Agosti 7, 1998. Kumbi za mjini nazo zilikwisha kufa kabla ya hapo. Kanda za video zilienea katika miaka ya 1980, ITV ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994, watu wakabaki majumbani. Majumba yakawa maghala na maduka. Nairobi kuna yaliyogeuka makanisa, na hatuna la kulalamika.

Kwa hiyo mwanamke kuingia sinema si jambo jipya katika pwani hii. Ila angalieni: bibi zetu walikwenda kwa makundi. Mtu alikwenda na dada, na shemeji, na shoga, na mtoto wa jirani. Kwenda peke yako ndiko kugeni, na hapo ndipo penye maneno.

Kwa nini basi peke yako? Kwa sababu ukienda na watoto, umekwenda kazini. Mmoja anataka kujisaidia pale mambo yanapokolea. Mwingine amemwaga soda. Utatoka hapo unajua mwanzo wa filamu na mwisho wake, katikati umejaza mwenyewe. Ukienda na baba watoto ni jambo jema, tena tunalishauri, lakini mara nyingi filamu huchaguliwa na yeye, nayo huwa ya magari kugongana. Ukienda na marafiki mtacheka, mtazungumza, mtarudi mmefurahi, na mtakuwa mmeonana. Hicho ni kitu kingine.

Mtatuambia: si tuna televisheni nyumbani? Tunayo. Hebu mtazame mama anayeangalia tamthilia saa tatu usiku. Ana ungo wa mchele mapajani. Anainuka kuzima jiko. Anainuka kumfungulia kijana mlango. Anaulizwa soksi ziko wapi, naye anajibu ziko wapi bila kuondoa macho kwenye televisheni. Mume anaomba maji. Tamthilia ikiisha hajui kama yule binti aliolewa au hakuolewa, atamwuliza jirani kesho. Huyo hakuangalia kitu. Alifanya kazi mbele ya picha zinazotembea.

Katika ukumbi wa sinema taa zinazimwa. Simu umeizima, na kama hukuizima, jirani wa kiti atakukumbusha. Mikono yako, ambayo tangu alfajiri imeshika mwiko, ufagio, kisu, mtoto, fedha za chenji, haina kitu cha kushika isipokuwa mfuko wa bisi. Hakuna wa kukuita mama. Wengi wetu, tukipata nafasi hiyo kwa mara ya kwanza, dakika kumi za mwanzo hatuoni filamu hata kidogo. Tunawaza kama gesi imefungwa. Kisha gesi inasahaulika.

Mwenzetu mmoja wa hapa Kawe, mama wa watoto wanne, ametupa ruhusa tusimulie yaliyomkuta, bila jina lake. Mama yake mzazi alifariki, naye ndiye binti wa kwanza. Mnajua maana yake. Tangu siku ya kwanza ya msiba ndiye aliyekuwa na funguo za stoo. Ndiye aliyehesabu sahani za kuazima, aliyegawa wageni wa kulala, aliyekaa na daftari la rambirambi, aliyewanyamazisha wadogo zake walipozimia kaburini. Watu walimsifu sana. Walisema, "Huyu dada ni jasiri." Matanga yakaisha, akarudi Kawe, Jumatatu akafungua genge lake kama kawaida. Hakuwahi kulia. Alianza kuumwa kichwa. Alipima malaria mara tatu, ikaonekana hana.

Baada ya miezi minane hivi alipata alasiri moja tupu, watoto wakiwa kwa shangazi yao, akaingia sinema. Hakuchagua filamu, alikuta inayoanza saa ile. Ilikuwa ya kuchekesha. Katikati yake mzee mmoja wa kike, mwigizaji mdogo tu asiye na maneno mengi, alionyeshwa akikunja nguo. Alizikunja kwa namna fulani, akazilaza, akazipapasa kwa kiganja. Basi. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka jambo jingine lililotokea upande wa pili wa chumba, naye alikuwa analia. Alilia mpaka filamu ikaisha. Hakuna aliyemwambia jikaze, hakuna aliyemwuliza kuna nini, hakuna mtoto aliyeogopa kwa kumwona mama analia. Mama wa Kihindi aliyekaa viti viwili mbali naye alimsogezea karatasi laini bila kugeuza uso. Taa zilipowaka alikwisha kujifuta.

Usiku ule mumewe aliyaona macho yake mekundu, akamwuliza ametoka wapi. Akamwambia. Akauliza filamu yenyewe ilihusu nini. Hakuweza kumwambia, hakuijua. Ndipo walipozungumza habari za marehemu mama, kwa mara ya kwanza tangu wamzike, hadi saa saba.

Hatusemi kwamba sinema ni dawa ya msiba. Kama kichwa kinakuuma, nenda hospitali kwanza, kama yeye alivyofanya. Tunachosema ni kwamba nyumbani mwetu mama hana chumba cha kulilia. Chumba cha kulala ni cha wawili, jikoni kuna dada wa kazi, choo kina foleni, na uani kuna wapangaji. Machozi ya mama katika nyumba ya Kiswahili ni habari ya mtaa mzima, lazima yatolewe maelezo. Na si machozi tu. Hata kucheka peke yako kwa sauti ni lazima useme unacheka nini.

Mkitaka filamu ya namna hii, ziko zilizotengenezwa na watu wetu kwa habari zetu. Queen of Katwe, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa bingwa wa mchezo wa sataranji. Watoto wataiangalia kwa ajili ya Phiona. Mama ataiangalia kwa ajili ya mama yake, Harriet, mjane anayeuza mahindi na asiye na hakika ya kodi ya chumba, ambaye anamtilia shaka mwalimu wa mchezo huo kwa kuwa amekwisha kuona wasichana wakidanganywa na wanaume wenye maneno matamu. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ndiye aliyemwigiza. Tazameni uso wake anapoogopa kumtumainisha mtoto kitu ambacho huenda hatakipata. Nani kati yetu hajawahi kukaa hapo?

Supa Modo, ya Kenya, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, tunaisifu kwa tahadhari. Jo ana umri wa miaka 9, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na mama yake anamtoa hospitali kumleta nyumbani amalizie siku zake. Mtoto anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani, na dada yake pamoja na kijiji wanapanga kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo. Mama hataki. Anataka mtoto wake abaki ndani, kitandani, karibu. Mama aliyezika mtoto asiiangalie hii kabla hajawa tayari, na akiwa tayari, asikae na watoto pembeni. Ya hapa kwetu ni Binti, ya mwaka 2021, ya Seko Shamte, yenye maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Filamu hizi hazikai ukumbini muda mrefu kama zile za Marekani, kwa hiyo ukisikia moja inaonyeshwa usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye swali la kanisani, maana tunajua litaulizwa. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa sinema ni mambo ya dunia. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kumbi zile za zamani zilikuwa na giza, na giza lile lilitumiwa na vijana kwa mambo yao, na filamu nyingine zilikuwa chafu kama zilivyo sasa. Lakini wazee hao hao ndio waliokaa nasi kwenye nyasi usiku, jenereta likinguruma nyuma ya gari, shuka jeupe limefungwa kati ya miembe miwili, tukaangalia filamu ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 na kutiwa sauti ya Kiswahili. Kwa watoto wengi wa vijijini hiyo ndiyo filamu ya kwanza maishani. Shuka halikuwa na dhambi wakati ule, na ukuta wa ukumbi hauna dhambi leo. Kinachoonyeshwa ndicho cha kuuliza. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa watazamaji, nawe una haki ya kumwuliza anayeuza tiketi filamu inahusu nini na ina mambo gani. Ukiona si ya kwako, kuna mlango. Wengine hukaa hadi mwisho wakinung'unika kwa sababu wamelipa. Toka.

Gumu kuliko la kanisa ni la nyumbani. Tunawafahamu akina mama ambao, kwa kuogopa maswali, huaga kwamba wanakwenda kumwona mgonjwa, au kwa fundi cherehani. Tunaomba sana msifanye hivyo. Kawe si kubwa. Kuna mtu atakuona Mwenge, na kabla hujafika nyumbani habari zitakuwa zimetangulia, na zitakuwa zimeongezwa mwanamume ambaye hakuwapo. Hapo utaanza kueleza filamu, na mumeo hatasikia filamu. Atasikia kwamba fundi cherehani hakuwapo. Ndoa inaweza kupata ufa wa miaka kwa ajili ya alasiri moja isiyokuwa na doa lolote, na ufa huo hautakuwa umeletwa na sinema.

Sema wazi, na useme mapema, tena si wakati amerudi kachoka. "Baba watoto, Jumatano kazi zikiisha nakwenda Mlimani City kuangalia filamu. Nitarudi saa kumi na mbili. Chakula cha watoto nimekipanga." Atakuuliza, "Na nani?" Mwambie, "Peke yangu." Atanyamaza. Atauliza, "Kuna tatizo?" Mwambie ukweli: hakuna tatizo, unataka kukaa mahali bila kuitwa. Wanaume wengi wanalielewa hili upesi kuliko tunavyodhani, kwa sababu wao wanalo. Baba anayekwenda kuangalia mechi ya Simba na Yanga haendi kwa sababu nyumbani hakuna televisheni. Anakwenda awe mtu wa Simba kwa saa mbili, asiwe baba wa mtu. Hatumlaumu. Tunaomba tu hesabu iwe ya pande mbili.

Yuko mume atakayekataa kabisa, na atakayetaka kuona tiketi, na atakayempiga mke kwa ajili hiyo. Dada, kama hayo ndiyo yaliyoko nyumbani kwako, usishindane juu ya filamu. Hapo lililopo ni kubwa kuliko sinema, na linahitaji masikio ya watu wazima unaowaamini, wa ukoo au wa kanisa, na likifikia kipigo ni la dawati la jinsia polisi.

Kuhusu fedha tuseme kweli pia. Tiketi moja, na nauli, na kitu cha kutafuna, katika nyumba nyingi za Kawe ni chakula cha siku nzima. Fedha ya ada haiguswi. Ya upatu haiguswi, ya vikoba ndiyo kabisa. Wapo wanaotenga kidogo kidogo kutoka faida ya maandazi, na kwa njia hiyo wanakwenda labda mara mbili kwa mwaka. Mara mbili zinatosha kabisa. Soda na bisi za ndani ni ghali kuliko za dukani, kwa hiyo kula nyumbani kabla ya kutoka. Asiyeweza hata hivyo asijione amenyimwa: Nafasi Art Space ya Mikocheni, na Alliance Française kule Upanga, wamekuwa wakionyesha filamu kwa nyakati fulani, nyingine bila kiingilio. Ulizia. Vibanda vya video vya mitaani, vile vinavyoitwa vibanda umiza, hatuwezi kumshauri mama aende peke yake, ingawa tunakiri kwamba yule mfasiri anayegeuza Kichina kuwa Kiswahili cha Manzese ni burudani kuliko filamu yenyewe.

Kwa anayetoka Kawe safari ni fupi. Daladala hadi Mwenge, kisha inayoelekea Ubungo kwa barabara ya Sam Nujoma, unashuka Mlimani City. Chagua onyesho la mchana, la saa nane au hapo karibu, katikati ya wiki. Watu huwa wachache, na utatoka kabla foleni ya Mwenge haijafungamana. Onyesho la usiku tunaliacha kwa wenye gari na wenye waume pembeni. Uliza filamu ina urefu gani, maana nyingine huzidi saa mbili na nusu, na mambo ya kurudi yatakuharibikia.

Mlangoni binti wa tiketi atakuuliza, "Ngapi?" Hapo ndipo wengi wanapopata kigugumizi, wanaanza kueleza kwamba mwenzao amechelewa, yuko njiani, labda atakuja. Binti hakuuliza hayo. Ana foleni. Mwambie moja, ulipe.

Chukua kiti cha pembeni mwa njia, usawa wa katikati, karibu na familia au wanawake wengine kama wapo. Mtu akija kukusogelea au kukusemesha, huna deni la adabu kwake. Hama. Akifuata, mwone mhudumu wa ukumbi. Na tafadhali beba khanga. Viyoyozi vya kumbi hizi vimewekwa kwa ajili ya watu waliovaa koti, nasi wa Kawe tunaotoka kwenye joto la daladala tunaganda kabla hata matangazo hayajaisha. Doti nzima: kipande kimoja mabegani, kingine miguuni.

Watoto waache na mtu anayejua unakokwenda, na umwachie namba ya simu ya mtu mwingine wa karibu, kwa kuwa yako itakuwa imezimwa. Kama wako wakubwa wa kutosha waambie na wao. Mtoto wa miaka 10 anayejua kwamba mama amekwenda kuangalia filamu yake, na kwamba atarudi saa kumi na mbili, na kweli saa kumi na mbili akamwona anaingia, hana neno. Atakachouliza ni umewaletea nini, kwa hiyo bisi usizimalize. Wakitaka kusimuliwa filamu, wasimulie wakati unapika, na ile sehemu uliyolia unaweza kuiruka.